Picha Iliyofika Benchi la Mwisho

Je, umewahi kukaa benchi la mwisho ukumbini, watu wakaambiwa watazame picha ukutani, nawe ukakaza macho mpaka machozi yakakutoka, usione kitu? Kama umewahi, utamwelewa Keziya upesi. Kama hujawahi, tulia, nitakueleza polepole.

Keziya ni mkulima wa kakao. Anaishi na mumewe Hebroni katika kijiji kimoja cha kata ya Ndandalo, wilayani Kyela. Mtoto wao wa kwanza ni Nelson, yuko Mbeya anajifunza useremala. Kwa hiyo majirani humwita Keziya mama Nelson.

Asubuhi ya Keziya huanza hivi. Anawasha moto, anabandika chai, anawafungulia kuku. Kisha anachukua panga na simu, anaingia shambani. Simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, maana mvua ya Kyela haibishi hodi. Anasimama mbele ya mti uleule na kulipiga picha tunda lilelile la kakao. Baada ya siku tatu anarudi, analipiga tena.

Kwa nini anafanya hivyo? Miaka miwili nyuma mvua ilizidi, na kakao yake karibu yote ikaozea mtini. Alilia. Kisha alifuta machozi, akaenda kumuuliza bwana shamba, akarudi shambani kuchunguza. Akagundua kwamba ugonjwa unaanza na doa dogo la kahawia, dogo kama kifungo cha shati. Ukiliona mapema, ukalikata tunda hilo na kulifukia mbali, mengine yanapona. Ukichelewa wiki mbili, tunda lote ni jeusi kama mkaa, na matunda ya jirani yameshaambukizwa.

Mwaka huu kikundi chao cha wakulima kilikuwa kinatafuta mkulima mwezeshaji. Huyo ni mkulima anayewafundisha wakulima wenzake. Keziya aliitaka kazi hiyo. Aliitaka mpaka usingizini. Lakini hakumwambia mtu, hata Hebroni. Alisema tu, "Natamani watu wazione picha zangu."

"Watu themanini watazionaje kwenye simu?" Hebroni aliuliza. "Wataishika kwa zamu kama kikombe cha kanisani? Tutafute projekta."

Wiki iliyofuata Hebroni alivuka mpaka kwenda Karonga, kuwasalimu ndugu za mama yake. Wakati wa kurudi alinunua projekta kwa mchuuzi pale mpakani. Alifika nyumbani amelikumbatia boksi.

"Mama Nelson, soma hapa," alisema. "Lumens elfu tisa. Elfu tisa, sio mia tisa."

"Hizo lumens ndiyo nini?"

"Ndiyo mwanga. Ukiwa mwingi hivi, utatupofusha."

Waliijaribu mchana uleule. Waliingia ghalani wanamoweka mpunga. Ghala halina dirisha, na Hebroni alifunga mlango. Kukawa giza tupu. Picha ikatokea ukutani, upana wake mita moja hivi. Tunda la kakao lilikuwa la kijani, na doa lake la kahawia likaonekana vizuri.

"Doa umeliona?" Hebroni aliuliza.

"Nimeliona."

"Basi kazi imekwisha."

Lakini Hebroni alikuwa na wasiwasi mmoja. Ukumbi wao ni wa kanisa, na wazee wa kiume hukaa mbele. Wanawake walioolewa pale kijijini hukaa nyuma. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anampisha. Jina lake halitaji. Na ndugu za baba mkwe nao wanahesabiwa baba wakwe. Siku hizi nyumba nyingi zimeliacha jambo hili. Nyumba ya mzee Anyelwisye, baba yake Hebroni, haijaliacha.

Sasa fikiri mwenyewe. Wanaopasua kakao, wanaoivundika kwenye masanduku, wanaoianika juani, wengi wao ni wanawake. Na hao ndio wanaokaa mbali na picha.

"Nyie wa nyuma lazima muone," Hebroni alisema. "Tutaikuza picha. Picha ikiwa kubwa, kila mtu ataona."

Alichukua mashuka mawili meupe, akampelekea fundi cherehani, yakaunganishwa. Yalipata upana wa mita nne. Hebroni alijisikia kama mtu aliyejenga nyumba ya ghorofa.

Jumamosi ikafika. Mkutano wa kikundi ulianza saa nane mchana. Jua lilikuwa kali na hewa imesimama. Madirisha yote ya ukumbi yalikuwa wazi, maana ukifunga madirisha Kyela saa nane mchana unapika watu. Shuka lilitundikwa mbele, kati ya madirisha mawili. Mwenyekiti Dickson aliwakaribisha watu. Hebroni alisimama mbele na fimbo ya kuonyeshea. Keziya alibaki nyuma kabisa, karibu na benchi la wanawake, ili aeleze kwa sauti.

Picha ikawashwa.

Watu walitazama. Wakatazamana. Wakatazama tena.

Shuka lilikuwa na kivuli cha kijivu, kikubwa, kisicho na kichwa wala miguu. Kijani hakikuwepo. Kahawia haikuwepo. Na nusu ya mwanga ule kidogo ulipita kwenye shuka jepesi, ukatua ukutani nyuma yake.

"Bwana Hebroni," alisema Emanueli, "hiyo ni kakao, au ni popo amelala?"

Emanueli ni mkulima mzuri, lakini ana mdomo. Yeye naye aliutaka uwezeshaji, na alishamwambia kila mtu, mpaka waendesha bodaboda.

Ukumbi ulicheka. Hebroni akanyoosha fimbo. "Tazameni doa. Ni hili hapa."

"Baba Nelson," Keziya alisema kutoka nyuma, "hapo ni mkunjo wa shuka. Doa liko juu."

"Juu wapi?"

"Juu, kulia."

"Kulia kwangu au kulia kwako?"

Watu wakashika mbavu. Marta, jirani yake Keziya, aliyekuwa amekaa benchi la mwisho, alimnong'oneza, "Shoga, mimi naona wingu la mvua. Nitoke nikaanue mpunga?"

Mwisho mzee Anyelwisye alikohoa. "Hebroni," alisema, "mwambie mwenye picha kwamba hatujaona kitu."

Alisema kwa upole. Lakini Keziya alitazama chini, na hakuinua macho mpaka mkutano ulipokwisha.

Mwenyekiti Dickson aliwafuata nje. "Wiki mbili kuanzia leo tunamchagua mwezeshaji," alisema. "Siku hiyo nitawapa nafasi ya pili. Lakini watu hawatakubali kutazamishwa wingu mara mbili."

Nyumbani Hebroni alikuwa na jibu tayari. "Shuka lilikuwa dogo. Nitaongeza la tatu."

Keziya alikuwa anachambua mchicha. Aliuacha. "Baba Nelson, ghalani picha ilikuwa ndogo, tukaona. Ukumbini ilikuwa kubwa, hatukuona. Na wewe unataka kuikuza zaidi?"

Hebroni alijikuna kichwa.

Jumatatu walipanda bajaji mpaka Kyela mjini, kwenye duka la Rukaya. Rukaya anauza redio na televisheni, na anakodisha vyombo vya sherehe. Babu yake alitoka Lindi, akaja kufanya biashara ya mchele, akabaki.

"Mama Nelson, karibu. Shemeji, karibu na wewe. Mbona umenuna kama umenyimwa chai?"

"Projekta imetuaibisha," Keziya alisema, na akaeleza yote, hata ya popo.

Rukaya alilipokea boksi, akaligeuza. "Nani kawaambia hii ina mwanga elfu tisa?"

"Boksi," Hebroni alijibu.

"Boksi halina aibu, shemeji. Linabeba chochote unachokiandika. Sikilizeni. Mwanga unapimwa kwa lumens, hilo ni kweli. Lakini wapo wanaopima taa peke yake, kabla mwanga haujatoka nje. Wapo wanaoandika tu namba ya kupendeza. Ninyi tafuteni herufi nne kabla ya neno lile. A, N, S, I. ANSI lumens. Hapo wamepima mwanga unaofika kwenye picha yenyewe. Kitabu chake mnacho?"

Keziya alikitoa kwenye kikapu. Rukaya alifungua ukurasa wa mwisho, akaweka ukucha chini ya maandishi madogo sana.

Hebroni aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. "ANSI lumens mia mbili na hamsini," alisoma. "Kumbe imeandikwa."

"Imeandikwa pale ambapo waume za watu hawafiki. Haya, picha yenu ukumbini ilikuwa na upana gani?"

"Mita nne."

"Na kimo chake?"

"Mbili na robo."

"Zidisheni."

Keziya alihesabu kwa vidole. "Mita za mraba tisa."

"Sasa chukua mwanga mia mbili na hamsini, uugawe kwa tisa. Kila mita ya mraba imepata kama ishirini na nane tu. Na jua la saa nane limeingia madirishani."

Keziya alikuwa anaona jambo kichwani. "Dada Rukaya, ni kama maji ya jaruba la mpunga," alisema. "Maji yaleyale, jaruba dogo yanafika kwenye goti. Ukibomoa tuta ukaunganisha majaruba matatu, udongo unalowa tu. Mpunga haupati kitu."

"Hujakosea hata kidogo."

"Kwa hiyo mashuka yangu yalibomoa tuta," Hebroni alisema, kama anajiambia mwenyewe.

"Yalibomoa," Rukaya alisema. "Sasa mshike kipimo. Kwenye chumba chenye giza, kila mita ya mraba ipate mia moja na hamsini au mia mbili, picha itapendeza. Ukumbi wenye mwanga wa mchana, usishuke chini ya mia tano. Kutoka kwenye kitambaa mpaka benchi la mwisho ni hatua ngapi?"

"Kumi na mbili zangu," Hebroni alijibu. "Kama mita kumi."

"Gawanya mita kumi kwa sita. Hicho ndicho kimo cha picha kinachomtosha mtu wa mwisho. Mita moja na sentimita sabini hivi. Upana wake utakuwa mita tatu. Hizo ni mita za mraba tano na kidogo. Tano mara mia tano?"

"Elfu mbili na mia tano," Keziya alisema.

"Basi projekta yenu isipungue hapo, na ikizidi ni bora. Mimi ninayo ya ANSI elfu nne. Lakini kwa lile shuka lenu la mita nne, hata hii ingeishiwa pumzi."

Rukaya alizichukua projekta zote mbili, akaziweka juu ya meza pamoja. Mlango wa duka aliuacha wazi, jua likiingia. Akatia flashi yenye picha za Keziya, kwanza kwenye ile ndogo. Ukutani pakatokea kivuli cha kijivu. Kisha akatia kwenye ile kubwa.

Keziya alishika mdomo. Kakao ilikuwa ya kijani, mbichi, na matone ya mvua yanaonekana juu yake. Doa lilikaa pale pale, kahawia, la mviringo.

"Hii yetu tuitupe?" Hebroni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usitupe. Sio mbovu, mmeibebesha gunia lisilo lake. Itumieni nyumbani, chumba chenye giza, picha ya mita moja. Na hii kubwa msinunue kwa sababu nimesema mimi. Ikodini kwanza. Nitakuja nayo Alhamisi, tuijaribu ukumbini kwenu."

"Uje asubuhi, kuna baridi kidogo," Hebroni alisema.

"Nitakuja saa nane mchana. Mkutano wenu ni saa nane, na jua la saa nane ndilo mtakalopambana nalo. Mlijaribu gizani ghalani, mkaja kucheza juani mbele ya watu."

Alhamisi alikuja. Walitembea ukumbini na kutazama mwanga unapoingia. Mahali walipotundika shuka mwanzo palikuwa pabaya, maana jua la dirishani lililipiga shuka lenyewe. Wakachagua ukuta wa upande wa pili, wenye madirisha mawili madogo pembeni, wakageuza mabenchi yauelekee. Hayo mawili tu waliyafunga. Mengine yote waliyaacha wazi, hewa ipite. Taa iliyokuwa juu ya ukuta ule waliizima. Hebroni alitengeneza fremu ya mbao, akakaza juu yake kitambaa cheupe kizito, kisichopitisha mwanga wala kukunjamana. Kisha Keziya alikwenda kukaa benchi la mwisho, mahali pa Marta.

"Doa?" Hebroni aliuliza kutoka mbele.

"Naliona. Hata sisimizi aliye karibu nalo namwona."

"Sisimizi yupi?"

"Geuka utazame mwenyewe, baba Nelson."

Jumamosi ya pili watu walijaa kuliko mara ya kwanza. Wengine walikuja kucheka. Emanueli alikaa mstari wa tatu, amekunja nne.

Rukaya alikaa kando ya projekta katikati ya ukumbi, Hebroni amesimama karibu naye. Akaiwasha.

Hakuna aliyecheka. Tunda la kijani lilitokea, kubwa, safi, na mchana wote uko madirishani. Keziya alianza kueleza kutoka nyuma, sauti ikitetemeka kidogo. "Hii ni siku ya kwanza. Tazameni karibu na kikonyo."

"Doa la kahawia," alisema Marta kutoka benchi la mwisho. "Dogo, kama kifungo."

Watu wa mbele waligeuka kumtazama. Mtu wa benchi la mwisho ameona kabla yao.

Picha ya pili ikaja. Doa lilikuwa kama kifuniko cha soda. Ya tatu, limekula nusu ya tunda. Ya nne, tunda jeusi lote, na jirani yake lina madoa mawili.

"Madoa matatu," alisema mwanamke mwingine. "Moja liko chini."

"Matatu kweli," Keziya alisema. Sauti haikutetemeka tena.

Mzee Anyelwisye alikuwa ameegemea mkongojo wake, shingo ameinyoosha. "Hebroni," alisema, "muulize mwenye picha, hili la pili ni baada ya siku ngapi?"

"Baba Nelson," Keziya alijibu kutoka nyuma, "mwambie ni siku tatu."

Hebroni akageuka mbele. "Baba, ni siku tatu."

"Nimesikia. Muulize, alilolikata alilipeleka wapi?"

"Mwambie nililifukia, mbali na shamba. Ukilitupa chini ya mti, mvua inaurudisha ugonjwa juu."

Hebroni alikuwa anageuka huku na huku kama mkalimani wa pale mpakani. Jasho lilimtoka, lakini alikuwa anatabasamu.

Picha ya mwisho ilikuwa ya shamba la Keziya mwaka huu. Miti imepogolewa, hewa inapita, matunda ya manjano yamening'inia mpaka karibu na ardhi. Watu walivuta pumzi. Kisha benchi la mwisho likaanza kupiga makofi, na makofi yakaenda mbele, mstari baada ya mstari.

"Mimi doa lile ninalo shambani," Marta alisema. "Nilidhani ni jua. Kesho alfajiri nalikata. Ndaga fijo, mama Nelson, asante sana."

Mwenyekiti Dickson alisimama. "Tuchague mwezeshaji. Nani ana jina?"

"Mama Nelson," wanawake walisema kwa pamoja.

Emanueli aliinua mkono. "Picha nimeziona, sikatai. Popo nimemwondoa. Lakini mwezeshaji husimama mbele, ashike tunda, aonyeshe. Huyu mama, wakwe zake wote wamejaa mbele. Atatufundisha akiwa amejificha nyuma mpaka lini?"

Lilikuwa swali la kweli, na kila mtu alilijua. Keziya alijifunika kitenge vizuri kichwani, akatazama miguu yake.

Mzee Anyelwisye aliinuka polepole. "Hebroni," alisema, "huko benchi la mwisho picha inaonekana?"

"Inaonekana, baba."

"Vizuri kama hapa?"

"Vizuri kama hapo."

"Basi nichukulie kiti changu. Kilichoniweka mbele ni macho yangu. Nikiona nikiwa nyuma, mbele nakaa kwa kazi gani?"

Akaanza kutembea kwenda nyuma, upande wa ukutani. Ndugu zake wawili wakatazamana, wakainuka, wakamfuata na viti vyao. Wanawake wakasogeza mabenchi mbele, wakawa katikati kama ukuta. Keziya naye alitoka kwa mlango wa nyuma kabla mzee hajafika. Alizunguka nje ya kanisa, akaingia kwa mlango wa mbele. Akasimama kando ya picha, ubavu ameuelekeza kwa watu, uso umeelekea kwenye kitambaa. Kutoka pale mpaka kwa wazee ni hatua kumi na mbili. Adabu ilikuwa imekaa mahali pake.

"Emanueli," Dickson aliuliza, "swali lako limejibiwa?"

"Limetembea kwa miguu yake," Emanueli alisema, na akainua mkono wake pamoja na wengine.

Mikono ilikuwa mingi. Dickson aliihesabu, akaacha njiani, hakukuwa na haja. Kisha akamgeukia Keziya.

"Mama Nelson, wote wamesema. Marta amesema, wazee wamesema. Wewe peke yako sijakusikia. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Hebroni alifungua mdomo ili amjibie. Rukaya akamvuta shati, akakaa.

Keziya aliitazama kakao iliyong'aa mbele yake. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika benchi la mwisho:

"Nataka kuwafundisha. Nilitaka tangu mwaka ule kakao yangu ilipoozea mtini."